Mkasi wa Machi: Mashamba ya Mawaridi ya Naivasha Yalivyovuka Korona

Kiwanda cha viatu kikikosa wateja huzima mashine na kufunga lango. Shamba la mawaridi halizimiki. Soko la Ulaya lilipoanguka Machi 2020, miwaridi ya Naivasha iliendelea kuchipua kama kawaida, na kila ua lililoachwa bila kukatwa lilifunguka, likapukutisha petali na kukaribisha ukungu wa kijivu, ambao ukishaingia kwenye kivungulio huhama shina hadi shina. Kwa hiyo mashamba mengi yalikata maua kila asubuhi kama ilivyo ada, kisha yakayapeleka kwenye shimo la mboji. Umeme wa pampu, mbolea na mishahara vilidai pesa, mauzo hayakuwapo.

Hata hivyo, mauzo ya maua ya Kenya nje ya nchi yalipita shilingi bilioni 100 mwaka 2019, na yakapita kiasi hicho tena mwaka 2020. Iliwezekanaje?

Tuanze na ukubwa wa pigo. Maua mengi ya Kenya hupitia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, ambako bei huanzia juu na kushuka kwenye saa ya mnada mpaka mnunuzi mmoja abonyeze kitufe. Wanunuzi wakiwa wachache, hakuna wa kuizuia isishuke. Katikati ya Machi shehena nzima zilikosa mtu wa kubonyeza, zikasagwa. Uingereza nayo mara nyingi husherehekea Siku ya Akina Mama mwezi Machi. Mwaka ule iliangukia tarehe 22, na kesho yake serikali ikawaamuru watu wakae nyumbani.

Hapo ndipo penye somo la kitaalamu ambalo wengi hawakuliona. Shina la waridi likikatwa leo, ua linalofuata huwa tayari baada ya wiki 6 hadi 8, kutegemea aina na baridi ya mahali. Nchi nyingine nyingi za Ulaya, na Marekani, zingeadhimisha Siku ya Akina Mama Mei 10. Hesabu kurudi nyuma: maua ya siku hiyo hukatwa mwisho wa Aprili, kwa hiyo chipukizi lake linapaswa kuanza katikati ya Machi, zile zile siku ambazo bei ilikuwa chini kabisa. Meneja aliyeogopa na kuacha miwaridi ijiotee alifika Mei akiwa na vichaka. Aliyepunguza maji na mbolea bila kuvikatiza, akainamisha mashina dhaifu ili majani yaendelee kulisha mizizi, na akakata yaliyobaki kwa kufuata kalenda, alikuwa na mzigo wakati wateja waliporudi. Naamini uamuzi huo wa mkasi ndio uliotenganisha mashamba kuliko mkopo wowote wa benki.

Na wateja walirudi kupitia mlango mwingine. Maduka ya maua yalifungwa, lakini supamaketi za Uingereza na Ujerumani zilibaki wazi kwa sababu zinauza chakula, na shada likauzwa karibu na mkate. Shamba lililokuwa na mkataba wa moja kwa moja na supamaketi lilipata pa kushika. Lililotegemea mnada pekee liliumia zaidi.

Kikwazo kilichofuata ni usafiri. Kabla ya korona, karibu nusu ya mizigo ya anga duniani ilisafiri tumboni mwa ndege za abiria. Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria Machi 25 na kuzirejesha Agosti 1. Ndege za mizigo ziliruhusiwa, ila nyingi zilikimbilia China kubeba barakoa na vifaa vya hospitali, na nauli ya kilo moja ikapanda. Kenya Airways ilianza kutumia ndege za abiria kubeba mizigo, na mwaka 2021 ikang'oa viti ndani ya Boeing 787, kwa usanifu wa kampuni ya Avianor ya Kanada.

Kuhusu fedha, msaada uliofaa ulikuwa deni la zamani. Anayeuza bidhaa nje ya nchi hawatozi wateja wake kodi ya ongezeko la thamani (VAT), lakini huilipa anaponunua pembejeo, kisha husubiri kurejeshewa. Machi 25 serikali ilitangaza shilingi bilioni 10 za kulipa madai ya VAT yaliyokwisha kuhakikiwa. Kwa shamba lisilo na mauzo, pesa hizo ni mishahara.

Lakini si kila mtu alilipwa mishahara hiyo. Maelfu walipewa likizo bila malipo, wengine wakafanya kazi kwa zamu za nusu mwezi. Aliyelipa kodi ya chumba katika mtaa wa Karagita, Naivasha, kwa ujira wa kukata maua alibeba sehemu kubwa ya gharama za uokozi huu, na ripoti za mauzo hazionyeshi mchango wake. Uchambuzi wowote unaosifu ustahimilivu wa sekta bila kumtaja haujakamilika.

Baada ya hapo mashamba kadhaa yaliongeza mzigo wa meli kutoka Mombasa: ua hukatwa likiwa limefumba zaidi, hutibiwa dhidi ya ukungu, na hukaa ndani ya kontena lenye baridi ya karibu nyuzi 0.5 kwa takriban mwezi mmoja. Nauli ni nafuu kuliko ya ndege. Kisha mwisho wa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yakazilazimu meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wiki mbili hivi zikaongezeka, na sehemu ya mzigo huo ikarudi kwenye foleni ya ndege.