Kufundishwa Kusikiliza: Uhakiki wa Kitabu cha Carl Rogers na Elimu ya Unasihi Iliyotokana Nacho

Utangulizi

Vyuo vikuu kadhaa vya Afrika ya Mashariki, vikiwamo vya makanisa, hutoa shahada ya uzamili katika saikolojia ya unasihi, na miongoni mwa wanaoisomea wamo wachungaji. Sababu za jambo hili si ngumu kuziona. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kazi ya kupima damu ilihitaji watu wa kuzungumza na mpimwa kabla ya kipimo na baada yake, na maneno "ushauri nasaha" yakazoeleka hospitalini na katika sharika zetu. Nchini Kenya, Bunge lilitunga mwaka 2014 sheria inayowahusu washauri na wanasaikolojia. Hivyo kazi ambayo zamani ilifanywa na wazee, wachungaji na wainjilisti imekuwa taaluma yenye mitihani na vyeti.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kitabu kilichoweka msingi wa sehemu kubwa ya elimu hiyo, yaani *Counseling and Psychotherapy* cha Mmarekani Carl Rogers, kilichotoka mwaka 1942. Tunauliza maswali mawili. Je, elimu tunayoitoa imerithi kilicho bora katika kitabu hicho? Na je, kilicho bora ndani yake kinamtosha mchungaji? Jibu letu kwa swali la kwanza ni kwamba mara nyingi hatujarithi. Kwa swali la pili tunajibu kwamba hakimtoshi. Lakini jibu hilo la pili lina haki ya kutolewa na yule tu aliyekwisha kujifunza kwa Rogers kile anachokifundisha.

1. Mtu na kitabu chake

Rogers alizaliwa mwaka 1902 katika jimbo la Illinois, katika familia ya Kiprotestanti yenye maadili makali. Mwaka 1924 aliingia Union Theological Seminary mjini New York kusomea uchungaji. Baada ya miaka miwili aliiacha teolojia, akavuka barabara kwenda Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia kusoma saikolojia. Kwa miaka kumi na miwili alihudumia watoto na wazazi wao mjini Rochester, na mwaka 1940 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Tunayataja haya kwa sababu anayesoma kitabu chake kama mwanateolojia hukutana humo na ndugu aliyeondoka nyumbani, wala si mgeni kabisa.

Hoja kuu ya kitabu ni nyepesi kuitaja na nzito kuitenda. Mtu mwenye shida, asema Rogers, anao ndani yake uwezo wa kuielewa hali yake na kuchagua njia. Kazi ya mnasihi si kumwongoza, kumwonya wala kumpa suluhisho. Ni kumpokea, kuyaelewa anayoyahisi, na kumrudishia kwa maneno yaliyo wazi kile alichokisema kwa kugugumia. Ndiyo maana Rogers hakupenda kumwita mtu huyo mgonjwa. Alimwita mteja, na jina hilo likaenea.

2. Kilicho bora: maneno yaliyowekwa mbele ya watu

Wengi wanaomtaja Rogers hukomea kwenye hoja hiyo. Sisi tunaona kwamba jambo kubwa zaidi limo katika sehemu ya mwisho ya kitabu. Humo yamechapishwa neno kwa neno mazungumzo yote manane kati ya mnasihi na mwanamume aliyepewa jina la Herbert Bryan. Yalikuwa yamenaswa katika sahani za santuri, ambazo wakati ule zilijaa baada ya dakika chache na kulazimu zibadilishwe tena na tena. Kila kauli imepewa namba, na chini ya ukurasa Rogers anaeleza ni wapi mnasihi alisikia vema na ni wapi alikosea, akaharakisha au akayapotosha maneno ya mwenzake.

Kabla ya hapo, mwalimu wa unasihi alisimulia darasani yale aliyoyakumbuka, na kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Santuri haikumpendelea mtu. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliweza kuona mahali hasa ambapo mazungumzo yalifunguka na mahali yalipofungwa.

Kanisa nalo lilikuwa limeikaribia njia hiyo kwa mlango mwingine. Mwaka 1925 mchungaji Anton Boisen, ambaye miaka michache nyuma alikuwa mwenyewe amelazwa kwa maradhi ya akili, aliwapokea wanafunzi wachache wa teolojia katika hospitali ya Worcester, jimboni Massachusetts, ili wajifunze kwa wagonjwa kama wanavyojifunza kwa vitabu. Mwaka 1936 Richard Cabot, daktari, na Russell Dicks, mchungaji, walitoa kitabu kuhusu huduma kwa wagonjwa, na Dicks akawazoeza wanafunzi kuandika mazungumzo yao kitandani pa mgonjwa neno kwa neno, kisha kuyasoma mbele ya msimamizi. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa mahali ambapo wachungaji wa kwetu nao wamepitia mafunzo ya namna hii.

Basi, kiini cha elimu ya unasihi ni kukubali kwamba maneno yako kwa mtu mwenye uchungu yasikilizwe na wengine na kupimwa. Nchini Marekani baraza la CACREP, linalothibitisha ubora wa masomo ya uzamili ya unasihi, hudai saa 100 za mazoezi ya awali, 40 kati yake zikiwa za kukaa na watu wenye shida. Kisha saa 600 nyingine, ambazo 240 ni za kukaa na watu hao. Katika muda huo wote mwanafunzi yuko chini ya usimamizi. Kipindi kimoja cha mafunzo ya uchungaji hospitalini ni saa 400.

Mahali ambapo mwanafunzi hupewa shahada kwa kukariri nadharia za Freud, Rogers na Ellis, kujibu mtihani wa karatasi na kuandika tasnifu ya hojaji, bila mtu yeyote kumsikia akizungumza na mfiwa, pametolewa cheti cha kujua habari za unasihi. Huo si unasihi. Hasara yake haimpati mwenye cheti. Inampata yule anayeketi mbele yake.

3. Mfano mmoja

Ili wasomaji wetu waone tunachokisema, na tuchukue mfano wa kubuni. Mjane anakuja ofisini mwa mchungaji wiki tatu baada ya mazishi.

Mjane: Mchungaji, tangu tumzike baba watoto sijalala.
Mchungaji: Pole sana, mama. Mshukuru Mungu, yeye amepumzika.
Mjane: Ndiyo, Mchungaji. Tunashukuru.

Maneno ya mchungaji ni ya kweli na yametoka katika imani ya Kanisa. Lakini tazama yalifanya kazi gani. Mama alisema habari za usiku wake mwenyewe; mchungaji akajibu habari za marehemu. Mama akaelewa kwamba hapa panatakiwa shukrani, akaitoa kwa adabu, na mlango ukafungwa. Mchungaji atarudi nyumbani akiamini kwamba amefariji. Msimamizi atakayeisoma taarifa hii pamoja naye hatauliza kama teolojia yake ni sahihi. Atauliza: "Ulipomwambia ashukuru, ni nani kati yenu aliyekuwa akiogopa usiku ule?"

Kama angejibu, "Usiku umekuwa mrefu, mama," na kunyamaza, huenda angesikia neno la pili: "Nilimwambia tusubiri mahindi yauzwe ndipo twende hospitali. Mimi ndiye niliyemuua." Hilo ndilo lililomleta. Mafunzo ya Rogers yanatufikisha hapo, na hatujui njia nyingine ya uhakika ya kufika.

4. Lugha yetu na mtego wake

Hapa lugha yetu inatupa shida ambayo vitabu vya kigeni haviijui. Nasaha kwa Kiswahili ni maneno mema anayopewa mtu ili yamwongoze. Kunasihi ni kutoa maneno hayo, na mara nyingi ni kuonya. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba atakuwa mnasihi amekwisha kuambiwa, kabla ya somo la kwanza, kwamba kazi yake ni kusema. Rogers anamtaka afanye karibu kinyume chake.

Hatudai kwamba neno hilo libadilishwe. Tunadai mwalimu alieleze. Tena ushauri una tendo lake zuri zaidi, nalo ni kushauriana, ambapo wote wawili husema na wote wawili husikia. Kati ya kunasihi kwa mkubwa na kunyamaza kwa Rogers, kushauriana ni njia ambayo wazee wetu waliijua, nayo yafaa ifikiriwe upya na wale wanaotunga mitaala.

5. Mipaka ya kitabu

Turudi kwa mjane wetu, kwa maana hapo ndipo kitabu kinapoishiwa. Amesema kwamba ameua. Mnasihi wa Rogers atamrudishia: "Unajiona una hatia." Kauli hiyo ni ya lazima, maana mama anahitaji kujua kwamba amesikika. Lakini akibaki hapo kwa juma la pili na la tatu, amemwacha peke yake na hukumu aliyojitolea mwenyewe.

Mambo matatu yanakosekana. La kwanza ni ukweli ulio nje ya hisia. Je, kuchelewa kule ndiko kulikoua? Hilo laweza kuulizwa kwa daktari, na jibu lake laweza kumwondolea mama mzigo usio wake. La pili ni ondoleo. Ikiwa ipo hatia ya kweli, Katekisimo Ndogo ya Luther yafundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili, kuungama na kupokea ondoleo, na mchungaji aliyewekewa mikono hana ruhusa ya kuizuia sehemu ya pili kwa jina la kutokuongoza. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537 Luther anayahesabu mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao kuwa mojawapo ya njia ambazo Injili hutufikia. Mtu hawezi kujiambia ondoleo mwenyewe. Sharti litoke kinywani mwa mwingine.

Jambo hilo Martin Buber aliligusa kwa namna yake alipojadiliana na Rogers hadharani mjini Ann Arbor, mwezi Aprili mwaka 1957. Rogers alishikilia kwamba yeye na mteja wake hukutana kama watu walio sawa. Buber akakataa: mmoja amekuja kwa sababu anahitaji msaada, na mwingine hakuja kwa sababu hiyo. Kuificha tofauti hiyo si unyenyekevu. Mchungaji anayejua kwamba amepewa mamlaka ya funguo atayatumia kwa hofu. Asiyejua kwamba anayo atayatumia bila kujua.

La tatu ni ukoo. Katika mazungumzo yote manane Herbert Bryan huketi peke yake na mnasihi wake. Mjane wetu hayuko peke yake hata anapoingia ofisini peke yake. Shemeji zake wanauliza habari za shamba. Mama mkwe anasema maneno jikoni. Huenda yuko anayenong'ona kwamba marehemu alirogwa. Mwanateolojia wa Kongo, Masamba ma Mpolo, ambaye mwaka 1991 alihariri pamoja na Daisy Nwachuku kitabu kuhusu utunzaji wa kichungaji barani Afrika, ameonyesha kwamba anayelalamika kuwa amerogwa mara nyingi anazungumzia uhusiano uliovunjika kati yake na jamaa zake. Kumtibu peke yake ni kukiacha kidonda kilipo. Lakini kuwaita jamaa bila idhini yake ni kumsaliti. Mtaala unaonyamaza kuhusu jambo hilo haujamwandaa mtu kwa kazi ya kwetu.

Hitimisho

Wako ndugu watakaosoma sehemu yetu ya tano kwa furaha na kusema kwamba basi saikolojia haituhusu, tunalo Neno. Kwao tunataja rafiki za Ayubu. Walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hakuna mnasihi aliyewahi kusikiliza kwa muda mrefu kuliko wao. Walipofungua vinywa walisema mambo mengi ambayo yangefaa mimbarini, na mwisho Mungu akawakasirikia. Kunyamaza kwao hakukuwafundisha kitu, na theolojia yao haikumgusa mtu aliyekuwa mbele yao.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa vyuo vyetu. Kwanza, asihitimu mtu katika unasihi, wala asibarikiwe kuwa mchungaji, kabla hajaandika mazungumzo yake halisi, majina yakiwa yamefichwa, na kuyasoma mara nyingi mbele ya msimamizi na wenzake. Pili, meza hiyo ya msimamizi na ikaliwe na watu wawili: mwanasaikolojia atakayeuliza, "Je, ulimsikia?" na mwanateolojia atakayeuliza, "Ulipokwisha kumsikia, ulimpa nini?" Wasimamizi wa namna hiyo ni wachache, na kuwaandaa kuna gharama kuliko kununua vitabu. Lakini mjane hatakuja kusoma vitabu vyetu. Atakuja na neno moja ambalo hajamwambia mtu, atatazama uso wa mchungaji, na kwa jibu la kwanza atajua kama aliseme au alirudishe nyumbani.