Waliofukuzwa kwa Kutetemeka

Jumapili asubuhi Kakamega lazima utakutana nao: kanzu nyeupe, vilemba vyenye msalaba mwekundu, bendera mbele, ngoma katikati, wanaimba barabarani kama wenye barabara. Jamaa wa boda aliyenibeba akasimama, akasonya. "Hawa watu wa Roho na kelele zao." Nikamlipa, nikashuka, nikafuata msafara. Kukhu wangu alikuwa ndani yake.

Sisi tunaopenda sanaa tutachambua shairi la jukwaani mpaka koma. Ibada kama hii tunaicheka tu.

Na kelele hizo zina historia. Marafiki, hao tunaowaita Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902. Mwaka 1927 baadhi ya waumini wao Waluhya wakaanza kuomba kwa sauti, kulia, kutetemeka, kunena kwa lugha. Wamisionari wakapinga, na mwishowe watu hao wakatolewa kanisani. Sasa ona kinaya: jina Quakers lilianza kama kejeli huko Uingereza, karne ya 17, kwa sababu nao walitetemeka mbele za Mungu. Yaani watetemekaji walifukuza watetemekaji! Waliotolewa wakaanzisha makanisa ya Roho. Nineveh la Daudi Zakayo Kivuli, lililojitenga na misheni ya Wapentekoste wa Kanada pale Nyang'ori mwaka 1942, lina njia yake, ila msafara na ngoma utavikuta huko pia.

Ndani, viatu vinabaki mlangoni. Kwanza ni kutubu mbele ya wote, na hapa ndipo ibada iliniangusha. Msichana mmoja alisimama akataja kila kitu, hadi nyumba aliyolala. Mzee aliyemfuata akasema amekosa kwa mawazo na kwa maneno, akaketi. Watu wakaitikia amina ileile kwa wote wawili. Inaitwa usawa, lakini mwenye cheo hutubu kwa jumla, asiye nacho hutubu kwa majina. Mimi nilinyamaza.

Kisha kiongozi akasema tuombe, na watu wote wakafungua midomo kwa mpigo, kila mtu na lake: karo, mguu unaouma, mume, pesa za miwa ambazo hazijaingia. Sijawahi kusikia kitu kama hicho kwenye jukwaa lolote. Hakuna staa. Kwenye makanisa ya hema kule mjini mmoja ana maikrofoni na sisi wengine kazi yetu ni kuitikia. Hapa sauti ya askofu inazama katika sauti ya muuza mboga. Ngoma haiongozi, inabeba tu. Husikii sentensi ya mtu yeyote, na hiyo ndiyo heshima ambayo ile toba ilimnyima yule msichana.

Vijana wa kanisa wanachanga pesa za kinanda na spika. Naomba zisitoshe.

Katikati ya kelele hizo nilisema kwa sauti, mara ya kwanza, kwamba niliacha chuo mwaka jana na sitarudi. Kukhu alikuwa hatua moja kando yangu, macho amefumba, analia na Mungu wake.

Baadaye, tukivaa viatu, akanishika mkono. "Mjukuu wangu, chuo kinafungua lini?"