Rudi Nyuma Herufi Nne

Andika "polepole". Wewe umeandika herufi nane. Programu ya kubana mafaili huandika nne tu, p-o-l-e, kisha hujiwekea agizo: rudi nyuma herufi nne, nakili nne. Mbinu hii Abraham Lempel na Jacob Ziv waliichapisha mwaka 1977, nami huwaza wangeipenda lugha yetu ya pilipili na kizunguzungu, isiyoona haya kujirudia.

Ninachokipenda zaidi ni kicheko. "Hahahahaha": andika h na a, kisha rudi nyuma mbili, nakili nane. Nane zitoke wapi, na nyuma zimo mbili tu? Zinatoka kwenye zile zile zinazoandikwa muda huo huo, kama fundi anayejenga daraja huku amesimama juu yake.

Kwa neno moja, kusema kweli, huokoi kitu, maana agizo lenyewe linakula nafasi. Utamu uko kwenye daftari la mauzo la mwaka mzima, lenye neno "imelipwa" karibu kila mstari. Programu ya Zip huongeza juu ya kurudi nyuma huko mbinu ya David Huffman ya mwaka 1952: herufi inayotokea sana hupewa alama fupi. Kwa Kiswahili, "a" ingejipatia ya bure.

Sasa daftari hilo la megabaiti 100 linanakiliwa kila usiku kwa usalama. Usiku 30, megabaiti 3,000, na karibu zote ni zile zile. Mfumo unaoondoa nakala rudufu hulikata vipande, hukokotoa alama ya kila kimoja mithili ya alama ya kidole, na kipande ambacho alama yake imeshaonekana hakihifadhiwi tena. Huandikwa tu kilipo.

Lakini ukate wapi? Ukipima kwa rula, mtu akichomeka mstari mmoja juu kabisa, vipande vyote husogea na hakuna kinachofanana na cha jana. Mafundi hodari huacha data yenyewe ioneshe pa kukata, kama mkata muwa anayefuata mafundo. Mstari mpya huvuruga kipande kimoja au viwili. Vingine havina habari.

Niliwahi kulala fofofo kwa kuona nakala 30 kwenye skrini. Kipande kimoja kikaharibika, na kilikuwa cha zote 30. Siku hizi naweka ghala la pili, diski nyingine, chumba kingine.