Lijamu Mbili za Xenophon

Anayefungua Peri Hippikes, kitabu cha Xenophon kuhusu upandaji farasi, ili ajue achague lijamu gani, atangoja sana. Kitabu hicho cha Kigiriki cha karne ya 4 kabla ya Kristo kina sura 12, na mjadala mkuu wa lijamu unaanza katika sura ya 10. Kabla yake tunapitishwa kwenye kwato, miguu, banda, mtumishi wa banda, namna ya kupanda na namna ya kuruka mitaro. Tusiudhanie mpangilio huu kuwa uzembe. Xenophon anaanza na kwato kwa hoja kwamba nyumba haifai ikiwa msingi wake ni mbovu, na kwa kuichelewesha lijamu anasema jambo ambalo hajaliandika popote: chuma cha mdomoni hakiwezi kurekebisha kilichoharibiwa na mkono.

Chuma hicho kimechungulia mapema, katika sura ya 6, kikiwa mkononi mwa mtumishi. Hapo Xenophon anaeleza kikae wapi. Kikipandishwa mno, pembe za mdomo huota sugu; kikiachwa chini mno, farasi hukibana kwa meno na kukataa amri. Tazama umbo la maelezo hayo. Mwandishi hatoi kipimo, anatoa makosa mawili yanayokabiliana, na mahali sahihi panabaki katikati bila kutajwa. Msomaji hana budi kupatafuta katika mdomo wa farasi aliye mbele yake.

Katika sura ya 10 ujozi huu unakuwa nguzo ya hoja. Mpandaji awe na lijamu zisizopungua mbili: moja laini, yenye visahani vikubwa, na nyingine yenye visahani vizito na miiba. Zote ziwe za kunyumbuka. Kwa hili la mwisho Xenophon anatumia tashbihi: lijamu ngumu ni kama kijiti cha kuchomea mishikaki, ukikishika popote umekibeba chote, ile inayonyumbuka ni kama mnyororo, unaposhika pametulia lakini sehemu nyingine zinaning'inia. Ndiyo maana vipete huning'inizwa katikati yake. Farasi huvikimbiza kwa ulimi na meno, asipate nafasi ya kuibana lijamu yenyewe.

Umahiri wa kimtindo umo katika kubadilishana nafasi. Katika kuamuru, mtendaji ni mpandaji. Katika kueleza sababu, mtendaji anakuwa farasi. Ndiye anayebana, anayechukia ukali, anayekimbiza vipete na kuachia. Mnyama aliyeingia katika sentensi kama kitu cha kufungwa anatoka akiwa mwenye nia. Miongozo mingi ya ufundi hueleza kifaa kinafanya nini. Xenophon anaeleza farasi atakifanyia nini kifaa hicho.

Lakini hapohapo ndipo maandishi yanapojifunga yenyewe. Sura ya 11 inamleta Simon, aliyeandika juu ya farasi kabla ya Xenophon, kuunga mkono wazo kwamba farasi anayelazimishwa haelewi atendalo wala hapendezi machoni. Wazo zuri. Basi miiba ilikuwa ya nini? Jibu limetolewa bila kupaza sauti: farasi akionja ile kali ataiachia, kisha akivalishwa laini atayafanya yaleyale aliyofunzwa kwa kali. Ulaini wa lijamu ya pili, basi, unategemea kumbukumbu ya maumivu ya ile ya kwanza. Hiari inayosifiwa ina historia, na Xenophon anaipita kwa hatua za haraka.

Haistahili kumhukumu kama mnafiki. Aliandikia wapanda farasi wa vita waliokaa mgongoni bila vikuku vya kukanyagia. Farasi asiyetii angeweza kumgharimu mtu uhai. Hata hivyo, mhakiki anaruhusiwa kuuamini muundo kuliko kauli. Kauli zinasema farasi mzuri anakwenda kwa kupenda. Muundo, unaotaja lijamu mbili na kukataa kuitenganisha laini na kali, unakiri kwamba kupenda huko kulifundishwa kwa woga. Anayechagua lijamu leo anaweza kukosa vipimo katika kitabu hiki, lakini atapata swali la kuuliza kabla ya kununua: farasi wangu atakiachia chuma hiki kwa sababu gani?