Mchanga Unaorudi Shimoni: Uchambuzi wa Mpango wa Mgodi wa Kwale

Mgodi wa Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa, ulitoa ilmenaiti, rutaili na zirkoni kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Haukuhitaji baruti wala kemikali za kuchenjulia. Mchanga ulibomolewa kwa matingatinga na baadaye kwa mizinga ya maji yenye shinikizo kubwa, ukawa uji unaosukumwa kwa mabomba hadi kwenye mitambo. Humo uji huo ulishuka kwenye mifereji iliyojisokota. Madini mazito yalitambaa upande wa ndani kama mstari mweusi, mchanga mwepesi ukasukumwa ukingoni. Sumaku na umeme vilimaliza kazi ya kutenga madini.

Madini hayo yalikuwa asilimia chache tu ya kilichochimbwa. Kwa hiyo karibu kila tani iliyotoka ardhini ilipaswa kurudi mahali fulani, na hilo ndilo linaloupa mpango wa mgodi wa aina hii umbo lake. Swali la wapi pa kuchimba haliwezi kujibiwa kabla ya lile la wapi pa kumwaga.

Kisheria, leseni maalumu ya Kwale ilitolewa mwaka 2004 kwa kampuni ya Kanada, Tiomin, chini ya sheria ya madini ya tangu 1940. Kampuni ya Base Titanium iliuchukua mradi mwaka 2010. Sheria ya Madini ya 2016 imekaza masharti: mwombaji hapewi leseni ya uchimbaji kabla ya kupata kibali cha tathmini ya athari kwa mazingira na kuwasilisha mpango wa kurejesha ardhi na kufunga mgodi, na anatakiwa pia kuweka dhamana ya mazingira. Kurejesha ardhi, basi, si kazi ya kungojea mitambo izimwe.

Mpango huanza kwa kuandika hali ilivyo kabla ya kuguswa: aina za udongo na kina chake, mimea, kina cha maji ya visima, mashamba na makazi. Kwale, vijiji vya Maumba na Nguluku vilikuwa juu ya madini, na watu wake walihamishwa. Rekodi hizi huonekana kama makaratasi ya kutimiza wajibu tu, lakini bila hizo hakuna atakayeweza kuthibitisha baadaye kama ardhi imerejeshwa au imefunikwa majani tu.

Baada ya hapo eneo hugawanywa vipande na kupangiwa zamu. Shimo la kwanza ndilo lenye taabu, kwa sababu hakuna shimo jingine tupu la kupokea mchanga wake. Kwale, mchanga uliokwisha kutengwa ulitumika kujenga kuta za bwawa la tope. Tuta la Kati, lile la mchanga lililochimbwa kwanza, lilipomalizika mwaka 2019, kazi ilihamia Tuta la Kusini, na mashimo yaliyoachwa yakawa mahali pa kurudishia mchanga. Anayekosea zamu hii huusogeza mchanga uleule mara mbili, na gharama hiyo hula fedha zilizokusudiwa kurejesha ardhi.

Udongo wa juu hutolewa kwanza na kuwekwa kando, katika malundo ya chini. Lundo refu hukosa hewa ndani, mbegu na vijidudu vikafa, na kinachorudishwa kinakuwa vumbi lenye rangi ya udongo. Bora zaidi ni kuuhamisha moja kwa moja hadi kipande kilicho tayari, bila kuulundika kabisa.

Tatizo gumu ni mfinyanzi. Karibu robo ya mchanga wa Kwale ni chembe laini zinazotuama polepole mno majini, na ndizo zilizojaza bwawa la tope. Mchanga ulioondolewa chembe hizo haushiki maji wala mbolea. Mvua hupita moja kwa moja hadi chini. Ukirudishwa hivyo hivyo, mmea hustawi msimu wa mvua na kukauka msimu wa kiangazi. Mpango mzuri hupima ni kiasi gani cha mfinyanzi kichanganywe tena, na huanza kwa jamii ya kunde na nyasi za kushika ardhi kabla ya miti ya asili. Mvua za pwani hazingojei: mteremko ulioachwa wazi Aprili hufanya makorongo kabla ya Juni.

Maji yana hesabu yake. Bwawa la Mukurumudzi, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 8.4 za maji, lilijengwa kwa ajili ya mgodi, na mpango wa kufunga hauna budi kusema nani atalitunza.

Dhamana hukadiriwa kwa gharama ya mkandarasi wa nje, kana kwamba kampuni imetoweka na mashine zake. Marekani, chini ya sheria ya migodi ya makaa ya 1977, dhamana huachiliwa kwa awamu, na mchimbaji hubaki na wajibu juu ya mimea kwa miaka 5, au 10 penye mvua isiyozidi milimita 660 kwa mwaka. Muda huo una mantiki: mche uliomwagiliwa hauthibitishi chochote mpaka upitie ukame bila msaada.

Sehemu iliyo dhaifu zaidi katika mipango mingi ni matumizi ya ardhi baadaye. Shamba la mihogo, msitu na eneo la viwanda huhitaji mteremko, kina cha udongo na barabara tofauti. Jambo hilo likiachwa hadi miaka ya mwisho, ardhi huwa imeshasawazishwa kwa matumizi ambayo hayakuchaguliwa na yeyote.