"Televisheni ya rangi": kosa liko wapi?



Iko hoja hainyamazi kila Waswahili tunapokutana, iwe Dallas, Fort Worth au Houston: eti "televisheni ya rangi" ni Kiswahili kibovu. Sababu hutolewa mbili. Kwanza, televisheni ni neno la kuazima, tuseme runinga (au luninga, kama wengine wanavyoandika). Pili, nyeusi na nyeupe nazo ni rangi. Zote mbili, kwa maoni yangu, hazina mashiko.

Kuazima kwanza. Hata Ulaya neno hilo ni chotara: nusu Kigiriki, nusu Kilatini. Mrusi Constantin Perskyi alilitumia Paris mwaka 1900. Sasa anayelifukuza, mbona "rangi" amelibakiza? Nalo limetoka Uajemi! Zanzibar ilipoanzisha matangazo ya rangi mapema miaka ya 1970, Bara ikiwa bado haina kituo hata kimoja, chombo kiliitwa Televisheni Zanzibar. Runinga ni neno zuri, na mimi nalisema, ila si fimbo ya kuwachapia wengine.

La pili ni wepesi wa kusoma. Mwulize mfuaji: nguo nyeupe huku, nguo za rangi kule. Hajakosea hesabu. "Rangi" kwetu ni pia kile kinachopakwa au kutiwa, ndiyo maana tuna penseli za rangi na picha za rangi.

Utamu wenyewe uko ndani ya kioo. Picha yote hujengwa kwa rangi tatu. Nyekundu ni ya Kibantu na inapatana na nomino: taa nyekundu, kitambaa chekundu. Kijani imechumwa kwenye jani, nayo hudai kiunganishi: kitambaa cha kijani. Buluu imetoka kwa Mwingereza, ingawa samawati ya Mwarabu ilikuwapo. Takasa lugha uone picha itakayobaki!

Tena hapa Texas neno "kioo" limepata bahati ya pekee. Mwaka 1987, katika Texas Instruments ya Dallas, Larry Hornbeck alibuni kifaa chenye vioo vidogo mno vinavyogeuka-geuka kurusha mwanga. Televisheni nyingi za aina hiyo za miaka ya 2000 zilikuwa na gurudumu la rangi likizunguka mbele ya taa. Gurudumu kama hilo lilikuwamo katika kamera ya Apollo 10, Mei 1969, na picha zake zilipangwa upya Houston ndipo watu wakaziona nyumbani. Kioo cha kujitazamia, kioo cha dirisha, kioo cha televisheni: neno moja, na kazi zote limezimudu. Hili ndilo la kuwafundisha watoto.

Mtoto wa Houston akimwambia bibi yake Tanga kwenye simu, "Bibi, tumenunua tivii," bibi ameelewa. Tukimkatiza kila neno atahamia Kiingereza, na hapo runinga tutabaki nayo wenyewe.