Ujiji Haikuwa na Watu Wawili

Kigoma wanaiita mwisho wa reli. Marehemu bibi yangu, Mmanyema wa Ujiji aliyezeekea Dar es Salaam, alilikataa jina hilo kila alipolisikia. "Mwisho kwenu," alisema. "Kwetu ndiyo mwanzo." Reli ya Wajerumani ilifika ziwani mwaka 1914, na stesheni yao bado imesimama. Lakini bibi alikuwa na njia nyingine akilini, ya zamani zaidi. Mwezi uliopita nilikwenda huko na mpwa wangu wa miaka 12, tukiwa na siku moja tu: asubuhi makumbusho, mchana muziki, jioni mpira. Nilikwenda kama mgeni, nimerudi na ugomvi.

Ugomvi ulianzia Makumbusho ya Livingstone, Ujiji. Nje, penye miembe, kuna mnara wa kumbukumbu ya mahali Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone mwaka 1871. Ndani kuna sanamu zao, ukubwa wa mtu, wawili hao wakiamkiana. Mpwa wangu alizizunguka mara mbili, kisha akauliza: "Mjomba, siku hiyo watu wa hapa walikuwa wamekwenda wapi?"

Ni swali la mtoto, lakini ni la mhakiki pia. Kitabu cha Stanley, How I Found Livingstone, cha mwaka 1872, nilikuwa nimekisoma. Stanley alikuwa mtu wa kujisifu, hilo halina ubishi. Hata hivyo, ukurasa wake wa kuingia Ujiji umejaa watu hadi hakuna pa kupita. Msafara unaingia kwa bunduki na bendera, wenyeji wanamiminika kuutazama. Anayemsalimu kwanza kwa Kiingereza si Livingstone, ni Susi, mtumishi wa Livingstone, na baada yake Chuma. Waarabu wakubwa wa mji wamesimama wakingoja. Ile salamu maarufu inayotaniwa dunia nzima, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, ilitolewa mbele ya umati.

Yaani Stanley, pamoja na majivuno yake yote, aliwaandika. Kumbukumbu za baadaye ndizo zilizowapunguza hadi wakabaki wawili. Susi na Chuma, ambao mwaka 1873 walikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone kuupeleka pwani, safari ya miezi, hawakustahili hata kona? Nisiwe mkali kupita kiasi: aliyetutembeza alieleza vizuri, na habari za misafara ya watumwa hakuzificha. Lakini yeye akimaliza kazi anakwenda nyumbani na maneno yake. Sanamu zinabaki zikisema lilelile.

Utaniambia, basi tusome vya kwetu. Sawa. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni Kiswahili kikavu, cha mfanyabiashara, nami nakipenda. Ila kwake Manyema ni nchi ya pembe na ya vita. Nilikuwa namtafuta mpagazi aliyebeba hizo pembe, anieleze siku yake ilivyokwenda. Sikumpata. Bibi naye alisema tu kwamba wazee wake "walivuka ziwa". Kwa hiari au kwa kamba, hakusema, nasi hatukuuliza. Kwa hiyo nikilalamikia sanamu, najua hata nyumbani kwetu kuna watu waliofutwa.

Mchana tulikula migebuka kwa ugali wa muhogo kwenye kibanda karibu na ziwa. Spika ya jirani ilikuwa inapiga Leka Dutigite, wimbo wa mwaka 2012 wa Kigoma All Stars: Diamond, Linex, Mwasiti, Peter Msechu na wenzao. Kwa usanii wenyewe si wimbo mkubwa. Kila mmoja anapewa zamu fupi na kumwachia mwenzake, na mdundo wake umeanza kuchakaa. Lakini jina lake ni Kiha, lugha ambayo shuleni Dar tuliifanyia mzaha, na maana yake ni kama kusema acha tujidai. Tena kila mtu ana sauti yake humo, na hakuna anayemngoja mgeni amtambulishe. Mpwa wangu, ambaye Kiha hajui, aliimba kiitikio hadi samaki wake akapoa.

Jioni tukaingia Uwanja wa Lake Tanganyika kuwaangalia Mashujaa, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023. Mpira ulikuwa wa pasi za nyuma, si wa kuandikia. Mzee aliyekaa jirani yetu wala hakuuangalia sana. Alikuwa bado yuko Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga uwanjani hapohapo. Bao la Taddeo Lwanga lililowapa Simba ushindi wa 1-0 alilitaja mara moja tu. Muda wote uliobaki alisimulia watu: nani alilala kwa nani, nani alikuja na boti, mama gani aliuza wali hadi sufuria ikakwanguka. "Kombe walichukua wageni, kijana wangu," aliniambia. "Siku ilikuwa yetu."

Huyo mzee angepewa ile kazi ya Ujiji, angeanza na umati, na wale wawili angewafikia baadaye. Sitaki sanamu zivunjwe. Nataka Susi awepo, na ukutani uwekwe ule ukurasa wa Stanley kwa Kiswahili, mtoto akiuliza aonyeshwe.

Usiku nilimpigia mama. Nilimuuliza wazee wa bibi walivuka ziwa vipi. Akanyamaza, kisha akasema, "Njoo nyumbani. Hayo si mambo ya simu." Naenda Jumamosi, na mpwa wangu amesema haachwi.